Mtunzi Anaposimulia Asili ya Wimbo Wake: Ushahidi, Umiliki na Fumbo katika Nyimbo za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza masimulizi ambayo watunzi wa nyimbo huyatoa kuhusu asili ya nyimbo zao wenyewe. Mara nyingi masimulizi haya hupokelewa ama kama ufunguo wa pekee wa maana ya wimbo, ama kama porojo zisizomhusu mhakiki. Tunadai kwamba misimamo yote miwili ina upungufu. Kwa kurejelea Utendi wa Mwana Kupona, 'Malaika', 'Jambo Bwana', utungo wa mafumbo na wimbo 'Unbwogable', tunaonyesha kwamba kisa cha mtunzi ni utungo wa pili unaosimama kando ya wimbo, nao una hadhira yake, wakati wake na maslahi yake. Kwa hivyo hauna budi kuhakikiwa kama utungo mwingine wowote.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anayekwenda nyanjani kukusanya nyimbo huwa na swali moja ambalo hulitanguliza mbele ya mengine yote: "Ni nini kilichokufanya uutunge wimbo huu?" Mtunzi naye hujibu. Atasimulia mapenzi yaliyovunjika, msiba, safari, njaa, au ugomvi na jirani. Mwanafunzi huyanakili majibu hayo, kisha anaporejea chuoni huyaweka katika sura ya uchanganuzi kana kwamba kazi ya kuufasiri wimbo imekwisha kufanywa na mwenyewe.

Kwa upande mwingine, wapo wahakiki wasiotaka kulisikia jibu hilo. Tangu Wimsatt na Beardsley walipoandika mwaka 1946 kuhusu kosa la kuipima kazi ya fasihi kwa dhamira ya aliyeitunga, na tangu Barthes alipotangaza kifo cha mwandishi mwaka 1967, imekuwa desturi katika vyuo vyetu kusema kwamba matini inajitosheleza. Kwa msimamo huu, mtunzi akishautoa wimbo wake hana usemi zaidi ya msikilizaji mwingine yeyote.

Misimamo hii miwili inapingana, lakini ina jambo moja inaloshirikiana: hakuna unaokisoma kisa chenyewe. Wa kwanza unakiamini bila kukipima; wa pili unakitupa bila kukipima. Makala haya yanajaribu kukipima. Swali letu si kama mtunzi anasema kweli au la. Tunachouliza ni kwamba, mtunzi anaposimulia asili ya wimbo wake, anafanya kazi gani, anaifanya mbele ya nani, na mhakiki afanye nini na maneno hayo?

2.0 Kisa Ndani ya Utungo: Mapokeo ya Tenzi

Ni vyema tuanze na mapokeo yetu wenyewe, kwa sababu suala la mtunzi kueleza sababu ya kutunga si geni katika fasihi ya Kiswahili wala halikuletwa na magazeti na redio. Washairi wa tenzi walikuwa na mahali maalumu pa kulieleza. Katika dibaji, mshairi alimtaja Mungu, akaomba wino na karatasi, kisha akaeleza kilichomsukuma kutunga. Katika tamati, alijitaja jina, akataja mji wake, akataja mwaka, na mara nyingine akahesabu hata idadi ya beti zake.

Utendi wa Mwana Kupona ni mfano ulio wazi. Mshairi anatueleza mapema kwamba ni mgonjwa na kwamba anataka kumwachia binti yake wasia. Anapofika mwisho, anajitambulisha kwa jina na kutaja kwamba alizaliwa Pate. Anataja pia mwaka wa Hijria 1275, ambao unalingana na 1858 kwa kalenda ya Miladia, na anasema beti zake ni 102. Alifariki miaka michache tu baadaye.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa hapa. Kwanza, kisa cha utungo kimo ndani ya utungo. Msomaji hahitaji kumtafuta mshairi nyumbani kwake ili amhoji. Anayeunakili utendi hunakili na kisa chake, na anayeukariri hukariri pia jina la mwenyewe. Pili, kwa kuwa kimo ndani, kisa hicho kimetungwa kwa mizani na vina vilevile vilivyotumika katika wasia wenyewe. Kimefanywa kuwa sehemu ya sanaa. Ugonjwa wa Mwana Kupona ni tukio la kweli katika maisha yake, lakini vilevile ni nguzo ya utendi: ndio unaoyapa maneno yake uzito wa maneno ya mwisho. Binti anayesikia nasaha za mama aliye kitandani hawezi kuzisikia kama nasaha za siku zote. Kwa hivyo hata pale ambapo kisa ni cha kweli kabisa, bado kinafanya kazi ya kifasihi. Hili ndilo funzo la kwanza.

3.0 Santuri na Kisa Kilichobaki Nje

Hali hii ilibadilika muziki wa dansi uliposhamiri na nyimbo zikaanza kurekodiwa kwenye santuri. Upande mmoja wa santuri ndogo ya mizunguko 45 ulitosha wimbo wa takriban dakika tatu. Katika dakika hizo palihitajika beti, kiitikio na gitaa. Dibaji na tamati hazikuwa na nafasi. Jina la mtunzi lilihamia kwenye karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri, nalo liliandikwa na kampuni, si na mtunzi.

Bendi nyingi za Afrika Mashariki zilijaribu kuziba pengo hili. Msikilizaji wa muziki wa dansi wa miaka ya 1970 na 1980 anakumbuka jinsi waimbaji walivyozoea kujitaja wenyewe, kuitaja bendi yao na kumwita mpiga gitaa kwa jina katikati ya wimbo. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo aliyefanya kazi yake kubwa Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 2010, alikuwa bingwa wa jambo hili; hata sura yake mwenyewe aliifanya kuwa mada ya wimbo. Kujitaja huku kwaweza kuonekana kama majigambo tu. Hata hivyo, tukikutazama kwa jicho la mapokeo ya tenzi, kunafanana sana na ile tamati ya zamani: ni njia ya mtunzi kutia sahihi yake mahali ambapo haiwezi kubanduliwa.

Nyimbo ambazo hazikutiwa sahihi ya namna hiyo zilitoka na kuzunguka ulimwenguni bila visa vyake. Kisa kilibaki nje, kikawa kinasimuliwa baadaye katika mahojiano, nyakati nyingine miaka mingi baada ya wimbo kuvuma. Hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

4.0 'Malaika': Wimbo Mmoja, Visa Viwili

Hakuna mfano unaoonyesha matatizo hayo kuliko 'Malaika'. Wimbo huu ulirekodiwa na Fadhili William, mzaliwa wa Taita-Taveta, jijini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba na kuupeleka mbali; mwaka 1965 ulitokea katika albamu aliyoitoa na Harry Belafonte nchini Marekani. Boney M. waliurekodi mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin mwaka 1991. Kwa mamilioni ya watu wasiojua neno lingine la Kiswahili, wimbo huu ndio Kiswahili.

Maudhui yake ni mepesi kueleza. Kijana anampenda msichana anayemwita malaika. Anatamani kumwoa, lakini hana mali ya kutoa. Basi.

Fadhili William alisimulia kwamba alimtungia wimbo huo msichana aliyempenda katika ujana wake, ambaye hakuweza kumwoa kwa kukosa mahari. Adam Salim, mwanamuziki kutoka Tanzania, alisimulia kisa kingine. Kwa maelezo yake, aliutunga wimbo huo katikati ya miaka ya 1940 alipokuwa akiishi Nairobi, baada ya wazazi wa msichana aliyempenda kuukataa uhusiano wao na kumwoza kwa mwanamume tajiri. Fadhili William alifariki Nairobi mwaka 2001, lakini ubishi huo haukuzikwa naye.

Wengi wamelijadili suala hili kwa kuchagua upande. Kwa kawaida Mkenya humtetea Fadhili, Mtanzania humtetea Salim. Lengo letu hapa si kutoa hukumu. Linalotuvutia ni jinsi visa hivi viwili vinavyofanana. Katika vyote kuna kijana asiye na kitu, kuna msichana, na kuna mali inayowatenganisha. Tofauti zilizopo ni za mwaka, mtu na mahali. Mhimili wa kisa ni uleule.

Mfanano huu unaweza kuelezwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kihistoria. Nairobi ya ukoloni ilijaa vijana waliotoka vijijini kutafuta ujira. Ujira huo ulikuwa mdogo, ilhali mahari ilihitaji fedha au mifugo. Kijana aliyependa asiweze kuoa hakuwa mtu mmoja. Alikuwa kizazi kizima. Kwa hivyo watu wawili, au hata mia, wangeweza kuwa na kisa hicho kwa ukweli kabisa. Hii ndiyo sababu mojawapo ya wimbo huu kupendwa: kila msikilizaji alidhani anaimbiwa yeye.

Njia ya pili inahitaji uangalifu zaidi. Huenda si kisa kilichouzaa wimbo pekee. Wimbo nao huzaa kisa. Mtu anayeulizwa mara mia kuhusu asili ya wimbo hujifunza ni jibu gani linalowatosheleza wanaouliza. Kwa kuwa maneno ya wimbo yanajulikana na wote, jibu linalotosheleza ni lile linalolingana nayo. Taratibu kumbukumbu hujipanga kufuata beti. Kusema hivi si kumwita mtunzi mwongo. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanafahamu vyema kwamba kila usimulizi ni utendaji, na kwamba msimulizi huubadilisha usimulizi wake kulingana na hadhira iliyo mbele yake. Sheria hii haikomi pale ambapo msimulizi anajisimulia mwenyewe.

Matokeo yake ni kwamba kulingana kwa kisa na wimbo si ushahidi wa umiliki. Kisa cha Fadhili kinalingana na wimbo. Cha Salim pia. Yanayoweza kuwa ushahidi ni mambo ya nje ya visa vyote viwili: nani aliusikia wimbo, wapi, mwaka gani, kutoka kwa nani, na ulikuwa na maneno gani. Pengo kati ya miaka ya 1940 na santuri ya kwanza ni refu, na katika pengo hilo wimbo uliweza kusafiri kwa mdomo, ukapunguzwa hapa na kuongezwa pale.

Ipo hoja nyingine ya kiisimu inayoupa nguvu mtazamo huu. Kiswahili hutofautisha kuoa na kuolewa: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Nafsineni katika 'Malaika' ni mwanamume, na kitenzi kinamfichua. Hata hivyo mwimbaji aliyeufikisha wimbo huu kwingi zaidi ni mwanamke, naye hakuibadilisha nafsineni. Msikilizaji hakukwazika. Alielewa kwamba anayesema ndani ya wimbo si Makeba. Tukikubali kwamba nafsineni si Makeba, tunapaswa kukubali pia kwamba nafsineni si Fadhili wala si Salim moja kwa moja, hata kama mmoja wao alilia machozi ya kweli siku aliyoutunga.

4.1 Kinachogombewa

Je, kwa nini basi visa hivi viligombewa kwa ukali namna ile? Ni kwa sababu kisa kilibebeshwa mzigo usiokuwa wake. Palipokosekana sahihi ndani ya wimbo, kisa cha mapenzi kiligeuzwa kuwa hati ya umiliki.

Sheria yenyewe hailitazami suala kwa njia hiyo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda kazi ya muziki au ya fasihi iliyoandikwa, iliyorekodiwa au iliyowekwa kwa njia nyingine katika umbo la kudumu, na ulinzi huo unaendelea kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Sheria haiulizi mtunzi alimpenda nani. Inauliza kilichowekwa katika umbo la kudumu ni nini na kiliwekwa na nani. Kwa mtunzi wa utamaduni wa mdomo, anayetunga kichwani na kuimba kwenye harusi au baa, sharti hili ni gumu. Anayefika kwanza kwenye mtambo wa kurekodi ana hati. Aliyetunga kwanza bila kurekodi ana kisa tu. Na kisa, kama tulivyoona, hakithibitishi lolote chenyewe.

Hapa suala linaacha kuwa la nadharia. Nyuma yake kuna mirabaha, kuna uzee wa mtu, kuna familia iliyobaki.

5.0 'Jambo Bwana': Kisa Kinapoonyesha Hadhira

Isidhaniwe kwamba tunataka kumnyamazisha mtunzi. Upo wakati ambapo kisa chake kinamwokoa mhakiki na hukumu mbaya. Tuchukue 'Jambo Bwana' wa Them Mushrooms, bendi iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1972. Mtunzi wake, Teddy Kalanda Harrison, alieleza kwamba wimbo ulitokana na kazi ya bendi katika hoteli za kitalii za Pwani, ambako wageni walipenda kujifunza maneno machache ya Kiswahili. Aliyachukua maneno hayo ya salamu na makaribisho akayatia lahani. Wimbo ulitolewa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kufikia mwaka 1983 Boney M. walikuwa wametoa toleo lao.

Wimbo huu haupendwi sana katika madarasa ya Kiswahili. Mhadhiri wa sarufi atasema kwamba mtu husalimiwa "hujambo" na kujibu "sijambo", wala hasalimiwi "jambo" peke yake. Mhakiki wa maudhui naye atasema kwamba wimbo hauna undani: ni salamu, makaribisho na sifa za nchi. Vijana wa Mombasa watacheka na kusema kwamba hakuna mtu wa mjini anayemwamkia mwenzake kwa namna hiyo.

Kisa cha mtunzi kinayajibu yote haya. Lugha ya wimbo si lugha ya Mswahili kwa Mswahili. Ni lugha ya mwenyeji kwa mgeni, iliyopunguzwa makusudi ikawa nyepesi kushikika katika jioni moja. Mtunzi aliisikia hotelini, akaitambua kuwa ni rejesta yenye kaida zake, akaitungia wimbo. Kuukosoa kwa kukosa kiambishi cha nafsi ni sawa na kukikosoa kitabu cha chekechea kwa kukosa istiari.

Tofauti na ilivyokuwa katika 'Malaika', kisa hiki hakituelezi yaliyokuwa moyoni mwa mtunzi. Kinatueleza yaliyokuwa mbele yake: jukwaa, wasikilizaji, saa ya kazi, ajira. Mambo haya yanaweza kuthibitishwa kwa kuutazama wimbo wenyewe na kwa kuitazama Pwani ya wakati huo. Kwa maoni yetu, hii ndiyo sehemu ya ushahidi wa mtunzi inayopaswa kuaminiwa zaidi. Mtunzi ni shahidi mwema wa mazingira ya kutungia kuliko wa maana ya kilichotungwa.

Aidha, kisa hiki kinamwachia mhakiki swali zito zaidi kuliko lile la "jambo" na "hujambo". Wimbo uliotungwa kwa ajili ya mgeni umekuja kuwa sura ya nchi kwa mwenyeji pia. Ni jambo gani linaloipata jamii inapoanza kujisalimia kwa lugha iliyowekewa wageni? Swali hili lingefaa tasnifu nzima.

6.0 Fumbo: Mtunzi Anaponyamaza

Kufikia hapa tumemjadili mtunzi anayesema. Lakini fasihi ya Kiswahili ina mapokeo makubwa ya mtunzi asiyesema. Wahenga walinena kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Katika taarabu, na hasa katika nyimbo za mipasho, kisa hufichwa kwa makusudi. Wanaohusika wanajijua. Jirani zao wanajua. Lakini jina halitajwi, na mtunzi akiulizwa husema kwamba huo ni wimbo tu. Kukataa kueleza ni sehemu ya utunzi. Akieleza, fumbo linakufa, na pamoja nalo inakufa kinga iliyomwezesha kusema.

Kinga hiyo si jambo dogo. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa, 'Kenya: Twendapi?', akakaa gerezani hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga humo, mengine akiyaandika kwenye karatasi za msalani, yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mengi yake yanatumia fumbo. Leo kisa cha kutungwa kwake kinajulikana na kila mwanafunzi, na bila shaka kinatusaidia. Lakini pia kina hatari yake. Msomaji aliyekwisha kuambiwa habari za gereza huliona gereza katika kila ubeti, hata pale ambapo shairi linazungumzia mapenzi, uzazi au imani. Kisa kinachofungua mlango mmoja chaweza kuifunga milango mingine.

Remmy Ongala alikabili suala la fumbo kwa njia tofauti. Katika wimbo wake 'Mambo kwa Soksi' alizungumzia matumizi ya mipira ya kondomu wakati ambapo Ukimwi ulikuwa ukiua na wengi wakiona aibu kuutaja. Neno "soksi" ni fumbo, lakini ni fumbo jepesi lililokusudiwa kuganguliwa na kila mtu. Redio ya taifa ya Tanzania ilikataa kuupiga wimbo huo. Hapa mtunzi asingeweza kujificha nyuma ya fumbo hata kama angetaka, kwa sababu ujumbe ulikuwa wa kuokoa maisha na ulihitaji kueleweka mara moja. Basi uamuzi wa mtunzi kueleza au kunyamaza hautokani na tabia yake tu. Unatokana na hesabu: atapata nini akisema, na atapoteza nini. Mtafiti anayemlazimisha mtunzi wa mipasho amtaje aliyeimbwa hajui anachoomba.

7.0 Wimbo Unapomponyoka Mtunzi

Mfano wa mwisho si wimbo wa Kiswahili, lakini Mkenya yeyote aliyekuwa na umri wa kusikia mwaka 2002 anaufahamu. 'Unbwogable' wa Gidi Gidi na Maji Maji uliimbwa kwa Kidholuo kilichochanganywa na Kiingereza. Jina lake lenyewe ni funzo la mofolojia: mzizi wa Kidholuo wenye maana ya kutisha, umetiwa viambishi vya Kiingereza mbele na nyuma, likapatikana neno lenye maana ya asiyeweza kutishwa. Wasanii hao walieleza kwamba walikuwa wakizungumzia ukakamavu wao mbele ya magumu ya maisha na ya kazi ya muziki. Muungano wa NARC uliuchukua wimbo huo ukaufanya wimbo wa kampeni, na katika mikutano ya kuelekea uchaguzi wa Desemba 2002 maelfu ya watu waliuimba wakimaanisha serikali iliyokuwa madarakani.

Je, umma ulikosea? La hasha. Wasanii walisema kweli kuhusu walichokusudia, na umma ulisema kweli kuhusu kilichosikika. Mhakiki anayeshikilia kisa cha watunzi peke yake atakosa kueleza kwa nini wimbo huo ulikuwa na nguvu mwaka ule. Anayekipuuza naye hataona jinsi maneno ya vijana wawili waliobanwa na maisha yalivyoweza kuwa maneno ya nchi iliyobanwa. Wimbo wenye historia ya namna hii una asili mbili: siku ulipotungwa, na siku umma ulipoutwaa.

8.0 Mafunzo kwa Mtafiti

Kutokana na mjadala huu, tunapendekeza taratibu zifuatazo kwa mwanafunzi anayekusanya nyimbo na masimulizi ya watunzi wake.

Kwanza, kinakili kisa kama unavyounakili wimbo. Andika tarehe, mahali, waliokuwapo, na swali uliloliuliza. Kisa kilichosimuliwa mbele ya mke wa mtunzi chaweza kutofautiana na kilichosimuliwa mbele ya wanabendi wenzake, na tofauti hiyo ni data.

Pili, anza na maswali ya kazi kabla ya maswali ya moyo. Maneno yalitangulia au lahani? Wimbo uliimbwa wapi mara ya kwanza? Ni ubeti gani ulioondolewa, na kwa nini? Mwimbaji alikuwa nani? Maswali haya hujibika, na majibu yake yanaweza kulinganishwa na ya mashahidi wengine. Swali la "ulihisi nini" lije mwisho.

Tatu, uliza tena baada ya muda. Yasiyobadilika katika usimulizi wa pili yana uzito. Yaliyobadilika yanaonyesha mtunzi anamjengea nani picha gani.

Nne, heshimu ukimya. Mtunzi akisema huo ni wimbo tu, andika hivyo. Jibu hilo ni sehemu ya mapokeo ya fumbo, wala si kizuizi cha utafiti.

Tano, andika jina la mtunzi, na umwombe idhini. Tasnifu yako, kanda yako na daftari lako ni umbo la kudumu. Huenda wewe ndiye mtu wa kwanza kuuweka wimbo ule katika umbo hilo. Ukiandika tu kwamba ni "wimbo wa jamii" ilhali aliyeutunga ameketi mbele yako akikukaribisha chai, utakuwa umemfanyia kilekile kilichowafanyia watunzi wengi kabla yake.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kisa cha mtunzi si ufunguo wa maana wala si takataka. Katika tenzi kilikuwa ndani ya utungo na kilifanya kazi ya kisanaa. Kilipobaki nje ya santuri, kilianza kufanya kazi nyingine: kudai umiliki kama katika 'Malaika', kueleza hadhira kama katika 'Jambo Bwana', au kufichwa ili kumkinga msemaji kama katika mafumbo. Kila kazi kati ya hizi ina vigezo vyake vya kupimwa, na kosa letu wahakiki limekuwa kutumia kigezo kimoja kwa zote.

Watunzi wengi wa nyimbo zilizorekodiwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam katika miaka ya 1960 na 1970 wamekwisha kuaga dunia, na waliobaki ni wazee. Nyimbo zao zingali zinapigwa harusini na redioni, aghalabu bila jina la mtu. Vyama vya Kiswahili vyuoni vina vijana, vina vinasa sauti, na vina likizo ndefu. Kazi ya kuwafikia wazee hao na kuwasikiliza kwa makini, kwa vigezo tulivyojaribu kuvieleza, inaweza kuanza muhula huu.